Mkwe Alinipita Kwenye Kona kwa Sababu Nilimwachia

Admin, nakuomba ufiche jina langu. Wahusika wa kisa hiki wako kwenye mitandao kuliko mimi, na sitaki wajue kabla sijaamua.

Mimi ni mzee wa miaka themanini na mmoja, mhadhiri mstaafu, naishi Kileleshwa. Moyo wangu umechoka, na daktari ameacha kunizungusha kwa maneno: siku zangu si nyingi. Siogopi kufa. Nilichonacho ni hasira, na inanitia haya kuitaja kwa sababu chanzo chake ni mbio za magari.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa na gari dogo la michezo, la zamani, lisilo na paa. Nililinunua likiwa bovu nikalifufua kwa mikono yangu. Nilikuwa mwanachama wa klabu ya madereva wa kujifurahisha tu, na wikendi moja moja tulishindana kwenye uwanja wa vumbi karibu na Ngong Road. Wengi wetu hatukuwa mahodari. Lakini kwenye kona, niseme ukweli, hakuna aliyeniweza.

Wakati huo binti yetu, nitamwita Ciru, alikuwa na mchumba. Baba wa kijana, ambaye nitamwita Mkwe, alianza kwa kuuza mkaa Dagoretti Corner, kisha mbao, kisha akajenga nyumba za kupangisha. Walipokuja kwetu mara ya kwanza, ndugu zangu, wasomi wote, walimuuliza alisomea wapi. Akajibu, "Darasa la saba, na hata hilo sikumaliza." Mtu akacheka. Mkwe aliweka kikombe chake cha chai chini na hakukigusa tena.

Ili kupoza mambo nilimwalika klabuni. Akapapenda mno. Baada ya miezi michache alikuwa amenunua gari lenye nguvu kuliko langu na kujiandikisha kwenye mbio zilezile nilizoingia mimi, wikendi moja tu kabla ya kikao cha pili cha mahari.

Jumamosi ilikuwa ya ukaguzi na mazoezi. Wakaguzi waliona mkanda wa kiti changu umelegea kwa kukosa bolti, wakanikatalia kuingia uwanjani. Nilikuwa nimeshaanza kugombana nao Mkwe aliponivuta mkono. "Wacha hasira, twende Dagoretti Corner, bolti haiwezi kukosa." Tukaipata, na akaifunga mwenyewe, amelala mchangani na suruali yake ya kanisani.

Jioni hiyo mke wangu aliniambia, "Baba Ciru, kesho usimshinde."

"Mama Ciru, hayo ni mashindano."

"Na Jumamosi ijayo ni mahari ya mtoto wako. Ndugu zako walishamdharau yule mtu mara moja. Ukimshinda na hako kagari kako, mbele ya watoto wake, atarudi kuketi hapa?"

Nikatoka kwenda kulifunika gari.

Siku ya mbio, magari dhaifu yaliachiliwa kwanza, yenye nguvu yakafuata nyuma, ili wote tukaribiane mwishoni. Hadi mzunguko wa mwisho nilikuwa mbele ya kila mtu. Nilimwona Mkwe kwenye kioo, anawasha taa, anaingia kila kona kwa pupa na kupoteza palepale kasi yote aliyoipata kwenye sehemu iliyonyooka. Zilibaki kona mbili. Asingenipata. Nikainua mguu kwenye mafuta. Nikaipanua kona kana kwamba gari limeniponyoka, nikamwachia upande wa ndani. Akapita akipiga honi, mkono nje ya dirisha kama mwanasiasa.

Kikao cha mahari kilikwenda vizuri. Mkwe alikunywa chai, akaomba nyingine. Ciru akaolewa. Nilidhani habari imeisha.

Haikuisha. Arusini alishika kipaza sauti: "Huyu profesa anajua vitabu vyote, lakini kona ilimshinda!" Akarudia kwenye ubatizo wa kila mjukuu, akarudia kila Krismasi, akiiga mlio wa gia kwa mdomo. Kila mwaka ile kona inazidi kuwa kali. Wajukuu wananiita Guka Polepole, yaani Babu Polepole. Kila aliposimulia, mke wangu alinifinya goti chini ya meza. Ni yeye tu aliyejua. Mwaka jana alinitangulia, na goti langu halina wa kulifinya tena.

Mwezi uliopita nilikuwa chumbani, mlango wazi, jamaa wakadhani nimelala. Sebuleni walikuwa wanapanga kwa sauti ya chini nani atazungumza siku yangu ikifika. Mkwe akasema, "Mimi nitawapa ile ya kona. Watu wacheke kidogo, mzee hangependa kilio." Wakacheka. Na aliyecheka kuliko wote ni Ciru wangu.

Nikaamua kumwambia. Mkwe huja mara kwa mara kuninywesha uji. Mwanawe alipokosa kazi, ni yeye aliyempa nyumba pamoja na Ciru na watoto. Si mtu mbaya, na hilo ndilo tatizo. Nikamwambia, "Mkwe, kuhusu ile kona."

Akaweka kijiko chini. Uso ukamng'aa. "Wajua, kuna kitu sijawahi kuambia mtu. Siku ile ya kwanza chai yenu ilinikwama kooni. Nilikuwa nimwambie kijana atafute msichana wa watu kama sisi. Lakini nilipokupita nikasema, kumbe hawa pia ni watu tu. Ndiyo maana nilirudi." Kisha akaniuliza, "Ulitaka kusema nini?"

Nikasema, "Uji umepoa."

Wasomaji, nikimwambia, nitamnyang'anya kitu ambacho siwezi kumrudishia, na Ciru atajua ndoa yake iliegemea nini. Nikinyamaza, nitalala sandukuni watu wakimcheka dereva ambaye sikuwa yeye. Najua wengine mtasema ni kona tu. Lakini nikifumba macho mguu wangu wa kulia unakanyaga mafuta chini ya blanketi, kona inafika, na siuinui.

Nipeni ushauri, nifanyeje? Na tafadhali, msikawie.