Fundi na Maswali ya Binti Yake

Mtaa mzima ulimwita Fundi, ingawa cherehani yake alikwisha kuifunika tangu macho yalipoanza kumsumbua. Miaka yote aliyoshona alizoea kumpima mtu kabla hajamwamini. Kwa hiyo binti yake mkubwa alipofika Jumamosi bila kumwarifu, akaanza kuuliza koki kubwa ya maji iko wapi, mama anatumia dawa gani, hati ya nyumba inawekwa wapi, Fundi alisita, kikombe cha chai mkononi.

"Mbona unanihoji kama polisi?"

"Baba, ikitokea dharura nitaanzia wapi? Mimi naishi mbali."

"Dharura gani? Nani kakwambia tunakufa?"

Binti akacheka, lakini kicheko chake hakikumwingia Fundi. Binti huyu alikuwa karani wa kampuni ya bima, na mumewe alikuwa na maneno matamu kupita kiasi. Hapa pana mkono wa mkwe, Fundi aliwaza. Leo wanauliza hati, kesho watakuja na mnunuzi, keshokutwa mimi na mama yao tutatupwa chumba cha uani.

Basi akajibu ovyo. Koki? Hajui. Dawa? Amwulize daktari. Binti alipoingia jikoni kwa mama yake, Fundi akasikia minong'ono; alipokohoa, ikakatika. Hilo likammaliza. Walipoondoka kwenda dukani, akaitoa hati kabatini na kuificha mahali ambapo hata shetani asingepafikiria.

Jumamosi iliyofuata binti akarudi. Fundi, roho juu, akaenda kuihakikisha hati. Chini ya godoro, hakuna. Nyuma ya kabati, hakuna. Akapekua marobota ya vitambaa mpaka chumba kikawa kama kimeingiliwa na wezi. Akatokea sebuleni na kumkabili binti.

"Iko wapi?"

"Nini, baba?"

"Usinifanye mtoto! Hati umempelekea mumeo!"

Machozi yakamlengalenga binti. Mama ndiye aliyeinuka, taratibu kwa sababu ya magoti, akavuta droo ya cherehani na kutoa bahasha.

"Uliiweka hapa mwenyewe, baba watoto. Kabla ya hapo uliizika kwenye pipa la unga, nikaitoa nikairudisha kabatini."

Fundi akaigeuza bahasha huku na huku. Hakukumbuka pipa lolote.

"Na mtoto usimwonee. Mimi ndiye niliyemwita. Kabla hajaja mara ya kwanza, ulinipa dawa za presha asubuhi, ukatoka kuota jua, ukarudi ukanipa tena. Za pili nilizitema. Niliogopa kukwambia."

Fundi akamkazia mkewe macho, akitafuta uongo usoni mwake. Hakuuona.

"Kwa hiyo kweli mlikuwa mnanong'ona juu yangu."

"Kweli," mama akasema.

 Fundi akavaa kandambili, akamwashiria binti amfuate nyuma ya jiko.

"Koki ndiyo hii. Unafungia kulia, usiilazimishe. Mama yako asichomwe penisilini, anavimba. Andika. Haya, nisomee."

Binti akasoma. Fundi akamwambia asome tena.

Siku hizi mama huchukua dawa mwenyewe, kwenye kisanduku chenye vyumba vya siku ambacho binti alimnunulia. Fundi husimama mlangoni akimchunga kwa jicho kali, asije yeye naye akakosea.