Kila Mtu ni Bro Isipokuwa Dada Yangu

Dada yangu hupiga pasi katika duka la dobi, nami hukunja nguo upande wa pili wa meza yake. Kwa hiyo malalamiko yake yote huniangukia mimi, tena yakiwa bado ya moto.

Mwaka huu ni neno moja tu: bro. Dada aliolewa na fundi seremala, mgane, akamkuta na binti wa sekondari ambaye tangu siku ya kwanza hakumwita kitu. Si mama, si mama mdogo, si shangazi. Akitaka chumvi, hukohoa. Sasa binti huyo kaleta bro nyumbani. Shemeji akawa bro. Mwalimu wa hesabu, bro. Paka, bro. Hata maziwa yakifurika jikoni, "Bro!" anayaambia, kana kwamba yatamwomba radhi.

"Akilivuta, anaomba," dada alinifafanulia huku akinyunyiza maji kwenye shati la mteja. "Akilikata, kakasirika. Akilisema chinichini huku anatikisa kichwa, kuna mtu kaaibika. Neno moja linafanya kazi ya kamusi nzima! Mtoto anamwita baba yake mzazi kaka, na baba mtu anacheka! Hivi wamerogwa?"

"Na wewe anakuitaje?"

Akaikandamiza pasi kwenye kola ya watu. "Mimi? Mimi bado nakoholewa."

Nikaendelea kukunja. Mwenye kovu usidhani kapoa. Lakini kesho yake akaanza upya, bro hivi, bro vile, mpaka nikatamani kuziba masikio kwa soksi za wateja. Kwa nini asimwambie mtoto mwenyewe kwamba anaumia? Thubutu! Dada yangu angemeza wembe kwanza.

Jana binti akaingia dukani mbio, na sketi ya shule mkononi, ina alama ya pasi ya kahawia nyuma. Akasimama mbele ya meza yetu. Nikangoja akohoe.

"Brooo," akamwambia dada, machozi yanamlengalenga. "Nimeiunguza. Nisaidie, baba asijue."

Na dada yangu, mdomo ukamtangulia. "Bro ni nani hapa? Mimi mwanamume? Koma!"

Binti akaiacha sketi pale pale, akatoka.

Nilitaka kumchapa dada kwa hanga ya nguo. "Umelilia kuitwa miaka yote hii! Leo umeitwa, unadai na kitambulisho?"

Akanitazama. Kisha akatoka mbio, pasi hata hakuizima, akasimama katikati ya barabara na kupaza sauti ambayo sikujua kama anayo.

"Bro! We bro! Rudi!"

Nusu ya barabara ikageuka: muuza vocha, waosha magari, hata askari wa zamu.

"Ninyi endeleeni na yenu!" dada akawafokea. "Namwita mwanangu."