Godoro la Ndinda

Nimeishi ukuta kwa ukuta na Ndinda miaka mitano sasa, katika laini za nyumba za wafanyakazi wa shamba la mkonge upande huu wa Thika, na sijaona mtu anayeogopa njaa kama yeye. Mimi pia ni mwoga, nakubali. Lakini mimi huogopa kwa kukaa mlangoni nikitazama barabara. Ndinda huogopa kwa kuweka akiba.

Kwao ni Ukambani. Akiwa msichana mdogo aliona mwaka ambao mvua ilikataa kabisa, mama yake akachemsha ngozi ya kulalia, wakala. Alipoolewa na Kisilu, mkata mkonge, alikuja kambini na vibuyu vinne, na hakuna hata kimoja kilichokuwa kitupu. Viberiti huvitia kwenye chupa na kuiziba kwa nta. Chumvi huining'iniza juu ya moshi isiloe. Maji ni madebe mawili nyuma ya mlango, na ole wako uguse la pili. Wanawe wanajua kwamba filimbi ya askari ikilia, Kalondu, binti mkubwa, anamshika mdogo mkono, wote wanalala chini, na hakuna kuchungulia. Hayo yote nimeyaiga, na wanangu hunicheka.

Shida ilikuwa chakula. Hali ya Hatari ilipoingia mwaka wa pili, nyapara wetu, Omondi, alipanda juu ya debe akatusomea amri: kila nyumba iwe na posho ya juma moja tu. Atakayekutwa na zaidi atahesabiwa kuwa analisha watu wa msituni wanaopigana na serikali. Mume atafutwa kazi siku hiyo hiyo, na familia itapakiwa kwenye lori irudi kwao.

"Juma moja!" Ndinda aliniambia tukiteka maji. "Mama Jared, na lori la posho likikwama je? Wakitufungia humu siku kumi je? Omondi atatunyonyesha?"

Akaenda akalifumua godoro lao la gunia, akatoa majani yote, akajaza maharagwe na mbaazi zilizochanganywa na majivu, jinsi wanavyohifadhi kwao ili wadudu wasiguse. Akalishona tena vizuri.

"Mke wangu, nimelala juu ya mawe," Kisilu alilalamika.

"Lala tu. Hayo mawe ndiyo utakayokula."

Kisilu akigeuka alfajiri, maharagwe yalimiminika upande mmoja kwa sauti ya mvua, na mimi upande wa pili wa ukuta nikaruka kwenda kuanua nguo. Nilianua nguo kavu mara tatu kabla ya kuambiwa siri.

Omondi alikagua nyumba kila Jumamosi. Kwa Ndinda alipenda kupumzika. Alikaa kitandani, akanywa chai, akasifu usafi wa nyumba, akaondoka akijishika kiuno.

Mwezi wa nne mwaka wa hamsini na nne ikanyesha mvua ya kweli. Bati lilivuja juu ya kitanda, Ndinda akaweka sufuria, wakahamia sakafuni kulala na watoto, akadhani yamekwisha. Siku ya nne nyumba ikaanza kunuka. Ndinda akamlaumu Kisilu na miguu yake. Kisilu akakimbilia kazini.

Jumamosi ile nilikuwa bombani. Nikamwona Omondi akianza laini ya juu, na safari hii alikuwa na askari mgeni mwenye bunduki, aitwaye Gerishon. Nililiacha debe likifurika, nikakimbia.

"Mama Kalondu, wanakuja! Na bunduki!"

"Waje. Godoro limeshonwa."

Akavuta shuka alinyooshe. Machipukizi ya maharagwe yalikuwa yametoboa gunia, mabichi, yamesimama wima kama watoto wa shule wakiimba. Tulijaribu kuliinua. Halikutikisika, lilikuwa limevimba maji.

"Panda ulale," akaniambia. "Wewe ni mgonjwa."

"Mimi? Nina nini?"

"Utajua wakifika!"

Akanisukuma, akanifunika hadi kidevuni. Maji yalinipenya mgongoni, na kutetemeka kwangu hakukuwa kwa kuigiza.

Omondi akaingia. "Huyu mama wa jirani ana nini?"

"Tumbo," akasema Ndinda.

"Kichwa," nikasema mimi, wakati huo huo.

Gerishon akainama, akanitazama kwa makini. Kisha akanyoosha vidole viwili na kung'oa jani kando ya sikio langu.

"Mama, unaota?"

Nikainuka mwenyewe. Omondi akafunua shuka. "Ndinda, hiki ni kitanda au shamba?"

Ndinda hakulia. Alimtazama Kalondu aliyesimama mlangoni, kisha akatazama vibuyu vyake, na nilijua anahesabu ni kipi kitakachoingia kwenye lori. "Ni chakula cha wanangu," akasema. "Hakuna wa msituni aliyeonja hata punje. Andika unavyotaka."

Omondi akatoa kalamu. Gerishon, aliyekuwa akibonyeza gunia, akauliza kwa upole, "Bwana nyapara, kumbe hapa ndipo unapokaaga ukinywa chai? Ulinisimulia njiani, kila Jumamosi miezi mitano sasa. Yule karani Mhindi wa ofisini akisoma kwenye ripoti yako kwamba umekalia akiba hii muda wote huo, atacheka sana."

Kalamu ikasimama. Omondi akajishika kiuno, akaelewa mambo mengi kwa pamoja.

"Godoro bovu," akasema huku akiandika. "Linanuka. Litolewe likatupwe, leo hii."

Wanaume wanne walilibeba hadi kwenye shimo la taka. Ndinda alilifuata nyuma kama anayezika, lakini jioni ile Kisilu alikuwa bado na kazi, na watoto walikuwa bado nyumbani.

Jumatatu asubuhi akabisha mlangoni kwangu, amejifunga leso vizuri, anatabasamu.

"Mama Jared, dada yangu. Hivi godoro lako wewe limejazwa nini?"