Redio Alivyobeba Siri Mpaka Kianyaga

Huku Giakanja, karibu na Nyeri mjini, wananiita Redio, na sikupewa hio jina kwa bahati. Shule niliachia fom tuu, kidato cha pili, lakini mdomo iliendelea na masomo. Ukitaka habari ifike soko yote, wewe niambie mimi halafu unibembeleze nisiseme. Kwa hivyo mkiskia ati mimi ndio nilitumwa na siri, mjue tu hakukuwa na mtu mwingine wa kutuma. Mwenye siri amenikubalia nieleze hii safari, bora nibadilishe majina. Nimebadilisha yote, hata yangu, ingawa mdomo ni ile ile.

Asubuhi hio nilikuwa nakamua ng'ombe simu ikalia. Ilikuwa Wairimu, dada yangu mdogo. Yeye huishi Nyeri mjini, lakini alikuwa ameenda Kianyaga kusalimia mama ya bwanake, yule tunamwita mami, mimba ikiwa bado na wiki kadhaa.

"Redio, nimezaa." Sauti ilikuwa chini kama ya mtu amejificha kwa sanduku. "Uchungu ilinishika na mvua, pikipiki hakuna. Mami ndio amenizalisha, hapa nyumbani."

"Msichana ama kijana?"

"Msichana. Skiza. Uende kwangu. Kwa kabati ya jikoni, nyuma ya unga, kuna chupa mbili za dawa ya maji, na mkebe yangu. Uniletee. Na Redio..."

"Mm."

"Mami hajui."

Ng'ombe alipiga ndoo teke na mimi hata sikumtukana.

Niwaeleze hapa ndio tusipotezane. Wairimu anaishi na virusi vya ukimwi. Ni miaka sasa anameza tembe yake kila siku bila kuruka, na virusi zimelala mpaka mashine ya hospitali haizioni. Bwanake Muriithi anajua. Walienda kupimwa pamoja kabla waoane. Yeye hana, na anameza dawa zake za kujikinga. Lakini siku hio alikuwa na lori upande ya Moyale, simu haiingii. Mkebe ni ya tembe zake, kwa sababu alikuwa amebeba za siku chache tu, na zile chupa mbili ni za mtoto. Nesi wa kliniki alimpa Wairimu mapema, in case mtoto anakuja kabla ya siku yake. Na mtoto huyo alikuja kweli, chupa zikiwa nyuma ya unga.

Nyeri mjini, nilizipata. Nikakaa kwa stuli ya jikoni nikampigia Nesi Gathoni, huyo wa kliniki. Ananijua. Siku moja nilimsindikiza Wairimu kliniki nikachekesha benchi yote mpaka wagonjwa wakasahau namba zao.

"Redio, leo usinichekeshe," akasema nikishaeleza. "Hio dawa mtoto aanze leo, kwanza saa hii ni kama amechelewa. Na asipewe kitu ingine isipokuwa titi ya mamake. Si maji ya sukari, si maziwa ya ng'ombe. Tumbo ya mtoto mchanga ni laini. Hivyo vitu vinaikwaruza, halafu virusi zinapata mlango. Umeskia?"

"Nimeskia."

"Sasa, huyo mama alimzalisha. Alivaa glavu?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Ako na kidonda kwa mkono?"

"Nesi, huyo mama anakatia kahawa matawi kila siku. Kidonda atakosa kweli?"

Nikaskia akifunua kitabu. Mimi kitabu ya nesi naogopa kuliko sindano.

"Basi na yeye aonwe leo," akasema. "Hatari ni ndogo kwa sababu dada yako anameza dawa vizuri. Lakini ndogo si hakuna. Kuna dawa ya kuzuia, na hio pia haingoji. Hapo Kianyaga kuna hospitali, waende wote watatu."

"Na nitamwambia nini?"

"Wewe hutamwambia. Hio ni ya dada yako kusema. Kazi yako ni kufika na kufunga mdomo."

"Nesi, chagua moja."

Alikata simu. Nikampigia Wairimu nikamwambia yote. Akalia pole pole, kama mtu anachuja maziwa. "Nikiingia hapo hospitali na mami, ataskia. Leta tu dawa kwanza, Redio. Hayo mengine tutaona." Nikasema sawa. Lakini ule mkono wa mami haukunitoka kwa kichwa tena.

Saa nne nilipata pikapu ya Njogu, rafiki yangu anayeenda Kagio kuchukua nyanya. Niliweka bag kwa mapaja nikaikumbatia kama mtoto mwenyewe. Kufika Karatina, kwa bampusi ya kwanza, yaani tuta ya barabara, mkebe ikasema: chakacha!

Njogu akageuka. "Umebeba kayamba?"

"Aa... ni ya kwaya."

Bampusi ya pili: chakacha! Nikaanza kuimba wimbo ya kanisa kwa nguvu. Mimi sauti yangu hufukuza hata kunguru kwa mahindi. Njogu akavumilia mpaka karibu na Sagana, halafu akanyoosha mkono kwa bag.

"Hio si kayamba. Hio ni njugu. Wacha uchoyo, nipe njugu."

"Njogu, wacha."

"Ati niache? Na mafuta ya gari ni yangu?" Vidole vyake vilikuwa tayari kwa zipu, jicho moja kwa barabara na moja kwangu. Nikiwa mimi wa kila siku ningemwambia ukweli, hata kwa kuringa tu kwamba niko na habari kubwa. Iliingia kwa ulimi, nikaionja. Ilikuwa tamu, na niliogopa hio utamu.

"Ni njugu za wathoni," nikasema. "Nimepelekea wakwe. Unajua mtu akikula njugu za wathoni njiani meno inafanya nini?"

Njogu akarudisha mkono kwa usukani. Ni mtu wa biashara lakini kwa kuogopa laana yeye ni kama nyanyake.

Kagio, jua ilikuwa kali na soko imejaa makreti. Njogu akasema tungoje mzigo, halafu anisongeze mbele. Kungoja tena? Niliingia kwa duka ya dawa nikanunua pamba, nikasimama nyuma ya lundo la vitunguu nikajaza mkebe mpaka ikanyamaza. Nikawaza, laiti wangekuwa wanauza pamba ya mdomo pia. Chupa za mtoto nilizifunga na kitambaa nilichoroweka maji ya baridi, zisichomwe na jua. Nikachukua pikipiki.

Baada ya Kutus barabara ilianza kupanda, na mvua ya jana ilikuwa imeigeuza uji. Kahawa huku, chai mbele, mlima umejifunika blanketi ya mawingu kama mtu hataki kuulizwa kitu. Simu ikatetemeka. Meseji ya Wairimu: Maziwa yangu haijatoka. Mami anachemsha ya ng'ombe. Uko wapi?

"Kijana, ongeza moto," nikamwambia wa pikipiki.

"Mzee, nikiongeza tutalala kwa majani chai."

"Basi tulale tukienda mbele!"

Tulilala mara moja kweli. Mimi nilianguka na mgongo, bag iko juu hewani kama kombe ya mpira. Chupa hazikuguswa. Suruali sitaongea juu yake.

Kianyaga, kwa mama Muriithi, niliingia bila kupiga hodi. Wairimu alikuwa kitandani, macho yamevimba. Mami alikuwa kwa stuli, mtoto kwa mapaja, kikombe ya maziwa inatoa mvuke hapo kando, kijiko kwa mkono. Na kidole gumba ya huo mkono ilikuwa imefungwa na kitambaa.

"Uui! Muthoniwa!" akasema, yaani mkwe wangu. "Nyeri siku hizi ni wanaume wanakuja kuona mtoto? Na matope hivyo? Na hujabeba hata ndizi moja!"

"Ndizi ilianguka, mami."

"Ngoja basi, Wawira akunywe kidogo."

"Wawira ni nani?"

"Si huyu? Wawira ni mimi, na huyu ni mimi. Msichana wa kwanza wa kijana yangu. Amenizaa tena."

Kwetu pande hizi ni hivyo. Huyo mtoto hapewi tu jina la nyanyake. Yeye ndiye nyanya.

Kijiko ikaenda kwa mdomo ya mtoto.

"Mami, hapo kuna nzi!"

Akaangalia. "Wapi?"

"Imeruka."

Kijiko ikashuka tena. "Mami, hata mimi niko na njaa, nipatie hio maziwa."

"Wewe ni wa kunyonya?"

Nilicheka peke yangu. Kijiko ya tatu ikaenda, na utani ikaniishia. Kitu moja tu ilikuwa imebaki kwa mdomo, na haikuwa yangu. Nilishika kikombe. Mami akashika upande wake. Tukaangaliana, watu wazima wawili tunavutana kikombe juu ya mtoto.

"Redio," Wairimu akasema. "Achilia."

Nikaachilia.

"Mami, weka kikombe chini." Alikuwa amekaa wima sasa. "Niko na virusi. Muriithi anajua, yeye hana. Dawa ya mtoto ndio hio Redio ameleta. Akipata dawa na titi yangu peke yake, atakuwa sawa. Lakini wewe ulinishika na hio mkono iko na kidonda. Lazima uonwe leo. Singeweza kunyamaza tena."

Mami aliangalia kidole chake, halafu mtoto. Mimi niliangalia mlango nikahesabu hatua za kutoroka.

"Mwaka wote," akasema, "mnanificha? Mimi niliyekuosha damu leo asubuhi?"

"Niliogopa utanifukuza."

"Nikufukuze uende na mimi?" Akainua mtoto kidogo. "Huyu ni nani? Si ni mimi?" Akachukua kikombe, akakunywa maziwa yote mpaka chini, akapangusa mdomo. "Haya. Muthoniwa, kwa nini umesimama hapo kama mlingoti? Nipe dawa yangu."

Wairimu alimpima mtoto dawa kwa sirinji ndogo, vile nesi alimfundisha. Wawira mdogo akakunja uso, akameza. Wawira mkubwa pia alikunja uso, na yeye hakuwa amepewa kitu.

Jioni kabla jua itue tulikuwa hospitali. Nesi wa huko hakuuliza mambo mengi mbele ya watu. Alifunga mlango, akamwangalia Wairimu kuona kama alichanika akizaa, akamwonyesha kuweka mtoto kwa titi hata kama maziwa inaonekana ni kidogo, kwa sababu hio ya kwanza ya njano ndio inatosha. Mami alipimwa, akapewa tembe za kumeza mwezi moja, na tarehe ya kurudi. Alitingisha mkebe yake kwa sikio.

"Inaongea," akasema.

Wairimu akafungua yake, akavuta pamba mpaka ikaisha. "Redio, ni wewe umejaza hii?"

"Ilikuwa inaniharibia jina."

Akatupa pamba. Tukarudi nyumbani mikebe miwili ikilia kwa bag, chakacha, chakacha, na hakuna mtu aliimba.

Kesho yake nilirudi Giakanja. Njogu na wengine walikuwa wameketi sokoni wakiningoja. "Redio! Habari ya Kianyaga?"

"Mtoto ni msichana. Ako sawa."

Wakangoja. Nikanunua sukuma nikaenda nyumbani. Jioni watu wawili walikuja kuuliza kama naumwa.

Nilichojifunza si kikubwa, mimi ni wa fom tuu. Siri ya mtu ni kama mtoto wa mtu. Unaweza kuibeba mpaka mlangoni, lakini kuifunua ni mwenyewe. Na mwenyewe akikawia sana, kuna mtu anaumia na hajui.

Mtoto alipofikisha wiki sita walienda kupimwa, yeye na nyanyake, halafu mami akanipigia simu.

"Muthoniwa, majibu imetoka. Mimi niko sawa. Nesi amesema watarudia kunipima tena, lakini niko sawa."

"Wewe gani sasa, mami? Wewe mkubwa ama wewe mdogo?"

Nikaskia mtoto analia nyuma yake, sauti ya nguvu, sauti ya mtu atakuwa redio.

"Mimi," akasema, "wote wawili."