Jumamosi Alikuwa Wapi

Mume wangu alifariki Jumatano alfajiri, hapa mtaani kwetu Area D. Kabla ya saa sita mchana wazee wawili wa kanisa walikuwa sebuleni, wakiulizia daftari la mahudhurio.

Nilikuwa nalo mimi. Mimi ndiye katibu wa jumuiya. Kila Jumamosi asubuhi tunasali nyumbani kwa mmoja wetu, nami naandika nani kafika. Utaratibu tunaujua: asiyehudhuria jumuiya, kanisa halimziki. Hakuna mchungaji, hakuna kwaya. Niliwahi kumsomea mjane mwingine maneno hayo, akalia, nami sikutikisika.

Nililifungua. Mbele ya jina la mume wangu nilikuwa nimeandika "hayupo", ukurasa baada ya ukurasa. Kila Jumamosi alikuwa akisema anatoka kidogo. Nilidhani anakwenda kucheza bao.

"Utakuja kuzikwa bila hata wimbo," nilimwambia siku moja.

Akacheka. "Nitakuwa nimekufa, mama. Nitausikia?"

Mzee mdogo kati ya wale wawili alikuwa bado anafunua kurasa alipoingia jirani yetu wa nyumba ya tatu, yule anayeuza mchicha. Alitua mzigo wa kuni mlangoni.

"Shikamooni wazee. Pole, dada." Akakaa mkekani karibu yangu, akaniuliza huku analia, "Sasa Jumamosi baba ataogeshwa na nani?"

"Kuogeshwa?"

"Si mumeo ndiye anamwogesha? Tangu apooze. Mimi binti yake, nitamvuaje baba nguo? Nilidhani jumuiya ndiyo inamtuma."

Nyuma ya daftari lile kuna orodha ya wagonjwa tunaowaombea, na jina la baba yake lilikuwa la kwanza. Mwaka mzima nimelisoma kwa sauti, tumefumba macho, wengine machozi yakitutoka. Nyumba ya tatu. Sikuwahi kuvuka kizingiti chake.

"Pamoja na hayo, katibu," mzee mdogo alisema, "hapa imeandikwa hayupo."

"Ni kweli, hakuwepo," nilijibu. "Sitafuta neno hata moja. Mnamzika au hammziki?"

Mzee mkubwa alikuwa anatazama sakafu. "Wewe umewahi kumwona mgonjwa huyo?" alimuuliza mwenzake.

"Bado."

"Hata mimi." Akalifunga daftari. "Kamwambie mchungaji, mazishi ni kesho saa nane. Na kwaya ije."

Walimzika kwa nyimbo. Mimi sikuimba.

Jumamosi nilimwomba mzee mkubwa anifuate kwa jirani. Alikunja mikono ya shati akaingia chumbani, nami nikabaki mlangoni na ndoo ya maji ya moto. Nikamsikia mgonjwa akiuliza, kwa ule ulimi wake mzito, "Mwenzangu leo yuko wapi?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia.