Mbuzi wa Miguu Mitatu

Jameni, mimi nilishawahi kutoa pesa yangu mfukoni kununua hadithi yangu mwenyewe. Na ikanichekelea.

Ilikuwa 1979. Mimi Muthoki nilikuwa nauza njugu soko ya Mukuyuni. Ili nivute wateja, nilitundika shuka nyeupe, nikachora kwa makaa hadithi ya Ndululu, mwanamume mvivu, na mbuzi wake anayemzidi akili.

Kila Alhamisi picha sita mpya. Jioni nafua shuka, maana nilikuwa na hiyo moja tu. Ukikosa soko, umekosa hadithi. Watu walishuka kutoka Kilungu kuja kuona Ndululu amefanywa nini wiki hiyo, na saa nane njugu zimeisha.

Picha ya mwisho, pale chini pembeni, mbuzi alikuwa na miguu mitatu. Si ufundi. Shuka ilikuwa na kiraka cha kaki hapo, makaa hayashiki. Mguu wa nne unapotea kila wiki.

Mwalimu Muthama hakukosa hata siku moja. Anasimama mbele na daftari, anakopi. Mimi mjinga nikajivunia, ati mwalimu mzima anapenda kazi yangu. Hata njugu nilikuwa namwongezea.

Siku moja nikaenda Emali kutafuta njugu za jumla. Dukani nikaona kitabu cha picha. Ndululu huyo! Na jina juu ni Muthama.

Nikanunua. Kila ukurasa, picha ya mwisho, mbuzi ana miguu mitatu. Zile zingine zote, minne.

Alhamisi hiyo shuka yangu ilisimama peke yake. Mbinya, mteja wangu wa siku zote, akanieleza bila ubaya kwamba kitabu unasoma ukiwa kitandani, hungoji soko. Halafu akaniuliza kama mimi nilikuwa nakopi kutoka kitabu hicho. Hiyo iliniuma kuliko yote.

Nikabeba shuka na kitabu mpaka kwa wazee wa kanisa, kwa sababu Muthama alikuwa mwenzao. Mzee Kilonzo akaweka kidole kwenye kiraka, kisha kitabuni, ukurasa kwa ukurasa. Akamuuliza Muthama mguu wa huyo mbuzi ulienda wapi. Muthama akavuta kitabu, akakifunga.

Nikajua nimeshinda.

Kilonzo akavua miwani. "Muthoki, tunakuamini. Lakini ile harambee ya paa la kanisa tulimpigia Muthama makofi, pesa za mabati alitoa kwa hiki kitabu. Tukimwaibisha sasa, watu tutawaambia nini? Msamehe, mwanangu."

"Na jina langu?"

"Mungu analijua."

Nilisamehe na mdomo. Roho ilikataa, na bado inakataa.

Jumapili mvua ikinyesha, mabati yanapiga kelele mpaka pasta ananyamaza. Muthama anakaa mbele. Mimi nakaa nyuma, chini ya mabati yangu.

Wewe unayechora, andika jina lako kabla hujaonyesha mtu. Mungu analijua, sawa. Lakini wanaochapisha vitabu hawaendi kumuuliza.