Kiti cha Nyuma ya Dereva

Kabla hujaniuliza: la, sikuwa nimelala, sikuwa na homa, na miwani yangu nilikuwa nimeivaa. Mume wangu ameshaniuliza yote hayo, na shemeji zangu wakaja kuniuliza tena kwa zamu. Anayetaka kuamini aamini, asiyetaka ashukuru Mungu kwamba hayajamfika. Haya yalinipata mimi na mwanangu, Januari ya mwaka huu, hapa hapa London, saa kumi na nusu jioni, wakati watu wanatoka kununua mkate.

Mimi ni mtu wa Mombasa, naishi Walthamstow, na kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao. Asubuhi huyu, mchana yule: kuwaogesha, kuwalisha, kuwapa dawa. Kazi hii bila gari ni mateso. Tulikuwa na kigari kidogo ambacho theluji ikianguka kimo cha kidole tu, hakitoki mlangoni. Kwa hivyo tulipopata ile stesheni wagoni nilifurahi kupita kiasi. Si gari la kujishaua. Ni gari la watu wenye watoto na mizigo: buti lake linameza gunia la mchele, baiskeli ya mtoto na kiti cha magurudumu cha mgonjwa, na mlango bado unafunga. Halafu linavuta kwa magurudumu yote manne. Mwezi haujaisha, nilikuwa nimeshapeleka watu uwanja wa ndege mara nne, nimehamisha familia moja na kubeba masufuria ya biriani ya harusi mbili. Ukiwa na gari kubwa kati ya Waswahili wa London, wewe ni mali ya umma.

Aliyetuuzia ni Bwana Kishor, Mhindi wa Mombasa anayekaa Neasden, upande wa pili wa London, si mbali na lile hekalu kubwa la Wahindu. Ni mzee wa miaka sitini na kitu, na Kiswahili chake ni cha kwetu kabisa, mpaka nikajiona niko nyumbani. Alinionyesha injini, akanionyesha tairi, akafungua na kufunga milango yote. Alipofika mlango wa nyuma, upande wa dereva, akasimama, akakipapasa kiti.

"Hapa ni pa mamangu," akasema. "Hakubali kukaa pengine."

Alisema kama mtu ambaye mamake yuko jikoni anachemsha chai. Na mimi, mtoto wa watu niliyefunzwa adabu, ningesema nini? Si unatujua sisi wa pwani. Jirani akikukuta na kipande cha mwisho cha mkate utamwambia karibu, huku unaomba Mungu akatae. Nikasema, "Basi nisalimie mama. Mwambie siku yoyote akitaka kutoka, karibu, nitampeleka mwenyewe. Gari ni lake."

Bwana Kishor akanitazama, machozi yakamlengalenga. "Ahsante, dada," akasema. Mimi nikaona nimesema jambo la maana sana, nikarudi nyumbani nikijisifu.

Sasa nikueleze habari ya Nuru. Nuru ni binti yangu wa miaka sita, kazaliwa hapa. Kiswahili anakisikia chote, hata umbea wangu wa kwenye simu anauelewa, lakini kujibu? Kiingereza tu. "Nuru, njoo ule." "I'm not hungry, Mummy." Nimembembeleza, nimemgombeza, nimemwahidi peremende. Mama yangu akipiga simu kutoka Mombasa, wanatazamana tu kwenye kioo cha simu kama mabubu. Jambo hilo liliniuma sana, na kila siku nilikuwa namwomba Mungu amfungue mwanangu ulimi.

Siku yenyewe, theluji ilianza kuanguka tangu adhuhuri. Nilimchukua Nuru shuleni giza limeshaingia, maana Januari hapa jua hufunga duka mapema. Nikamfunga mkanda kwenye kiti chake, nyuma kushoto. Mbele yetu palikuwa na mwinuko, magari yamekwama, tairi zinazunguka bila kwenda, watu wanasukuma na kutukana. Gari langu likapanda kama hakuna kitu. Nilifurahi nikaupiga usukani kofi. "Umeona, Nuru? Umeona gari la mamako?"

Hapo kengele ya mkanda ikaanza kulia.

Unaijua ile kengele. Mtu akikaa bila kufunga mkanda, taa nyekundu inawaka kwenye dashibodi na kengele inalia mpaka ujute. Nikatazama mkanda wangu: umefungwa. Taa inayowaka ilikuwa ya kiti cha nyuma yangu. Nikadhani ni mkoba wangu umewekwa pale. Mkoba nilikuwa nao mbele.

Kisha nikasikia mkanda unavutwa. Unavutwa polepole, kwa mkono usio na nguvu. Ukafungwa, tak. Kengele ikanyamaza.

"Nuru, umefungua mkanda wako?"

"La, mama," akasema Nuru. "Ni nyanya. Mikono yamtetema, nimemsaidia."

Nisikilize vizuri. Mwanangu, ambaye hajawahi kunijibu hata "ndiyo", ananiambia "yamtetema", kwa lafudhi ya bibi wa Mji wa Kale! Ningefurahi vipi?

"Nyanya gani?"

"Huyu hapa. Asema asikia baridi. Asema wewe ulimkaribisha."

Nikasimamisha gari pale pale barabarani, nikageuka.

Alikuwa amekaa nyuma yangu kabisa, kibibi kidogo cha Kihindi, sari nyeupe, sweta la kijivu la vifungo juu yake, soksi nzito ndani ya ndara. Miguu niliitazama kwanza, si unajua tulivyofunzwa utotoni. Haikuwa na kwato. Ilikuwa miguu ya mzee yeyote ninayemvisha soksi asubuhi. Lakini kwa baridi iliyokuwamo humo ndani, pumzi yangu ilikuwa inatoka moshi, ya Nuru inatoka moshi, na yake haitoki kitu. Na mkono wake ulikuwa umeshika mkono wa kulia wa mwanangu.

"Mwanangu," akaniambia, "nirudishe nyumbani. Kishor aningoja."

Sijui nilitoka vipi kwenye gari. Nilifungua mlango wa Nuru, nikafungua mkanda wake, nikamvuta. Hang'oki. Nikajaribu kuvibandua vile vidole, na hapo ndipo nilipojua. Mimi nimeshika mikono ya wazee wakikata roho, na nimeishika baadaye pia. Baridi ile naijua, haifanani na baridi ya theluji. Midomo ya Nuru ilikuwa inaanza kugeuka rangi. Nikapiga kelele, nikalia, nikasoma kila aya niliyofunzwa madrasa. Yule bibi akaitikia "amina" kwa adabu zote, na mkono hakuuachia.

"Mama," Nuru akasema, sauti yake imepungua, "asema usinivute. Asema mgeni hafukuzwi, husindikizwa."

Ningefanya nini? Nilirudi kwenye usukani. Hita nikaifungua mpaka mwisho, nikashika njia ya Neasden. Barabara ya North Circular yote ilikuwa magari yaliyoachwa yamepinda, na gari langu likipita katikati yake bila kuteleza hata mara moja. Huko nyuma walikuwa wanazungumza. Bibi anauliza nyumbani kwenu nani apika, Nuru anajibu. Bibi anauliza wapenda mbaazi, Nuru anajibu. Mtu angewasikia angesema ni nyanya na mjukuu wake. Ila majibu ya Nuru yalikuwa yanazidi kuwa mafupi, na kila nikitazama kwenye kioo namwona mwanangu anasinzia. Nikawa napiga kelele, "Nuru, usilale! Jibu, mama, mjibu nyanya!" Mimi mwenyewe, namsihi mwanangu azungumze na maiti.

Kwa Bwana Kishor nilipiga mlango kwa ngumi zote mbili. Akatoka na soksi tu miguuni. Nikanyoosha kidole tu. Akatazama ndani ya gari, akaanguka kwenye theluji.

"Mama alifariki miaka miwili sasa," akasema. "Kwenye kiti hicho, hapa hapa mlangoni, siku ya theluji. Nilikuwa nampeleka hekaluni. Nikamwambia ningoje dakika tano, nikarudi ndani kujibu simu. Nikakawia sana, dada. Nikakawia mno."

"Na hukuniambia?"

"Wewe ulisema karibu. Tangu mama aondoke sikuwa nimesikia mtu akimkaribisha kwa Kiswahili. Nikashindwa kukwambia amekufa."

"Mtoe mamako!" Nilimpigia ukelele mzee mzima, Mungu anisamehe. "Mtoe, mwanangu anakufa!"

Akainuka. Akafungua mlango ule, akanyoosha mikono miwili. "Mama, njoo ndani," akasema. "Nisamehe, nimechelewa." Mkanda ukafunguka wenyewe. Taa ya dashibodi ikazimika, kiti kikabaki kitupu. Nuru akavuta pumzi kwa nguvu, akaanza kulia, na mimi nikamkumbatia nikalia zaidi yake.

Mume wangu alilipeleka gari kwa fundi siku ya tatu. Kengele ya mkanda ni nzima, gari zima halina kasoro. Watu wananiambia uza. Nimuuzie nani, na nimwambie nini? Bado tunalo, na kazini naenda nalo, lakini kiti kile nimekilaza moja kwa moja na juu yake naweka sanduku.

Nuru sasa anasema Kiswahili kutwa. Mama yangu aliposikia kwenye simu alipiga vigelegele, halafu akaniuliza, "Mtoto huyu kafunzwa na nani? Asema kama marehemu nyanyangu." Nikamwambia simu inakatika. Na mkono wa kulia wa Nuru, ule ulioshikwa, haujapata joto tangu siku ile. Mwezi wa saba, watoto wenzake wakila aiskrimu kwenye bustani, yeye alivaa glavu moja. Madaktari wameupima, wanasema hauna kitu. Mimi naushika kila siku nikimpeleka shule, na baridi yake naijua.

Kwa hivyo ukienda kununua gari lililotumika, uliza injini, uliza breki, uliza tairi. Kisha uliza nani alikuwa akikaa wapi, na kama yu hai. Na mpaka ujibiwe, lifunge hilo domo lako la adabu, usimwambie mtu karibu. Mimi nilisema neno moja la kumfurahisha mzee, na anayelilipia ni mwanangu.